Mawe ya Engaruka, Maji ya Meru

Mlima Meru, ambao kilele chake kimefika mita 4,566 juu ya usawa wa bahari, haugawi mvua kwa haki. Mawingu yatokayo Bahari ya Hindi humwaga mzigo wake kwenye miteremko ya kusini na mashariki, ambako misitu ni minene na mito haikauki, ilhali upande wa kaskazini na magharibi, kuelekea nyika za Longido na Bonde la Ufa, umo katika kivuli cha mvua, yaani eneo ambalo mlima wenyewe hulinyima mvua kwa kuyakinga mawingu. Tofauti hiyo, ambayo msafiri atokaye Usa River kwenda Ngarenanyuki huiona kwa macho yake katika safari moja, ndiyo iliyowafundisha wakulima wa sehemu hizi, karne nyingi kabla ya kuja kwa wahandisi, kwamba shamba zuri si lazima liwe pale mvua inaponyesha, bali laweza kuwa popote maji yanapoweza kufikishwa. Njia ya kuyafikisha ni mfereji unaoanzia kwenye banio, yaani kizuizi kinachojengwa mtoni ili kuinua maji na kuyageuza upande, kisha ukafuata ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo sana hadi kwenye mashamba ambayo mto wenyewe, ukiachwa ushuke bondeni, usingeyagusa kamwe.

Historia ya mifereji katika Mkoa wa Arusha imeandikwa mahali pawili ambapo mara chache husomwa pamoja. Pa kwanza ni Engaruka, chini ya genge la Bonde la Ufa, ambapo mifereji iliyokauka tangu zamani imebaki katika mistari ya mawe, ikalindwa na sheria kama mali ya taifa na kufunguliwa kwa wageni. Pa pili ni miteremko ya Meru yenyewe, ambapo Wameru na Waarusha wamechimba mifereji ya udongo ambayo mingine ingali ikipeleka maji kwenye migomba na mboga hadi leo, bila kibao wala kiingilio. Wanaakiolojia, yaani wataalamu wanaochunguza maisha ya kale kwa kuchimbua mabaki yake, wameandika mengi juu ya Engaruka. Wanahistoria wa ardhi wameandika mengi juu ya Meru. Lakini mfereji uliokufa hauwezi kueleweka vizuri bila ule ulio hai, kwa sababu kilichobaki Engaruka ni umbo tu, nao utaratibu wa watu uliolifanya umbo hilo lipitishe maji umepotea pamoja nao.

Engaruka iko katika Wilaya ya Monduli, kando ya barabara iendayo Ziwa Natron kutoka Mto wa Mbu, mahali ambapo nyanda za juu za Ngorongoro hukatika ghafla na kuacha tambarare kavu inayotazamana na volkano za Kerimasi na Oldoinyo Lengai. Mvua ya tambarare hiyo haimpi mkulima uhakika wa kuvuna hata mtama, achilia mbali mahindi. Juu ya genge, hata hivyo, ukungu na misitu hutunza maji, na kutoka huko hushuka vijito kadhaa kupitia makorongo yaliyochongwa kwenye mwamba. Kati ya vijito hivyo, Mto Engaruka ndio unaotiririka mwaka mzima siku hizi, na vingine huonekana majira ya mvua tu. Kuanzia kwenye midomo ya makorongo hayo, katika eneo lisilopungua hekta 2,000, ardhi imefunikwa na kazi ya mawe: kingo za majaruba, mifereji, malundo, mazizi ya mviringo, na juu kidogo, kwenye miguu ya genge, viwanja vilivyosawazishwa kwa ajili ya nyumba, vilivyokusanyika katika vijiji saba. Mawe yote ni ya volkano, nayo yamepangwa makavu, yaani bila udongo wala chokaa ya kuyashikamanisha.

Mzungu wa kwanza kuyaandika magofu hayo alikuwa Mjerumani Gustav Fischer, aliyepita hapo mwaka 1883 akiwa safarini katika nchi ya Wamasai, na ambaye, kama wengi wa kizazi chake, alipoona kuta zilizobomoka alifikiria majumba ya kale ya kwao. Uchunguzi wa kwanza uliojulikana sana ulifanywa mwaka 1935 na Louis Leakey, aliyetangaza mwaka uliofuata kwamba palikuwa na nyumba zipatazo 6,300 kwenye miteremko na nyingine 500 bondeni, na kwamba mji huo ulikuwa na watu kati ya 30,000 na 40,000. Makadirio hayo yalienea haraka, yakaingia katika vitabu vya shule na vya watalii, na hadi leo hurudiwa na watu wanaopenda kusikia kwamba palikuwa na jiji kubwa lililopotea katika Bonde la Ufa. Udhaifu wake unaonekana mara moja: ili idadi hiyo iwe kweli, viwanja vyote vilivyohesabiwa ilibidi viwe vimekaliwa wakati mmoja, na anayejua namna watu wanavyohama nyumba iliyochakaa na kujenga nyingine hatua chache pembeni ataona kwamba hesabu ya viwanja ni hesabu ya miaka kama ilivyo hesabu ya watu.

Hamo Sassoon, aliyekuwa mkuu wa Idara ya Mambo ya Kale, alichimbua Engaruka mwaka 1964 na 1966, na kazi yake, pamoja na ile ya John Sutton iliyofuata kwa miaka mingi, ilibadilisha swali lenyewe. Malundo makubwa ya mawe yaliyodhaniwa kuwa makaburi, kwa kuwa baadhi yake yamejengwa kwa ufundi na kuta zilizonyooka, yalipochimbuliwa hayakutoa mifupa ya binadamu kama ilivyotarajiwa. Yalikuwa mawe yaliyoondolewa shambani na kupangwa vizuri ili yasichukue nafasi. Mbegu za mtama zilizoungua, zilizopatikana katika mabaki ya nyumba, zilionyesha zao lililotegemewa, na mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo ilionyesha kwamba wakulima hao walifuga pia. Sutton alipendekeza kwamba ng'ombe walifungiwa katika mazizi ya mawe na kulishwa humo, kwa kuwa mahali palipolimwa kila kipande hapana pa kuchungia, na samadi yao ikarudishwa shambani. Kwa maelezo haya Engaruka iliacha kuwa mji ikawa shamba, shamba kubwa lenye vijiji pembezoni na watu wanaokadiriwa kuwa elfu chache. Huenda wapenda majiji wakaona wameshushiwa hadhi, lakini kwa hakika ufundi unaohitajika kulisha watu elfu chache kwa karne tatu mahali pasipo mvua ni mkubwa kuliko ule wa kurundika nyumba.

Ufundi huo unastahili kuangaliwa kwa karibu. Mfereji mkuu ulianzia ndani ya korongo, juu kuliko mashamba, ukafuata mguu wa genge ukishuka kidogo kidogo, na wajenzi wake walilazimika kuchunga mambo mawili yanayopingana: mteremko ukiwa mkali mno maji hukimbia na kula kingo, ukiwa mdogo mno maji husimama na kuacha tope linaloziba njia. Kutoka mfereji mkuu zilishuka njia ndogo zilizopangwa mawe kila upande, zikipita katikati ya mashamba, na kila shamba lilikatwa majaruba, yaani vipande vilivyosawazishwa na kuzungushiwa ukingo ili maji yatulie na kunywewa na udongo kabla ya kupelekwa mbele. Jaruba la juu lilijazwa kwanza, kisha la chini yake, na hivyo hivyo hadi mwisho wa safu. Mistari hiyo ya mawe ndiyo inayoonekana leo, na kwa mbali huonekana kama ramani iliyochorwa ardhini. Lakini tundu la kufungulia maji, ambalo pengine lilizibwa kwa bonge la udongo na nyasi kama inavyofanywa kwingineko, halikuacha alama, na pale tunduni ndipo ugomvi wote wa wakulima wa mifereji ulipoanzia na kumalizikia.

Utafiti wa mwanaakiolojia Daryl Stump, uliochapishwa kuanzia miaka ya 2000, na ule aliofanya baadaye pamoja na Carol Lang, umeongeza jambo ambalo halikutarajiwa. Mashamba ya Engaruka hayakubuniwa kwa mpango mmoja na kujengwa kwa mkupuo. Yalikua polepole kati ya karne ya 15 na ya 18, kipande kikiongezwa juu ya kipande, na mara nyingine mfereji wa zamani ukafunikwa na shamba jipya. Zaidi ya hayo, sehemu ya udongo wenyewe ni kazi ya mikono. Wakulima walijenga kuta fupi za mawe mahali maji ya mafuriko yalipopita, maji yakapunguza mwendo, na mchanga na tope vilivyotoka juu ya genge vikatua nyuma ya kuta. Ukuta ulipojaa uliinuliwa, na hatimaye pakapatikana shamba tambarare lenye rutuba mahali palipokuwa na mawe matupu. Kwa hiyo mmomonyoko wa udongo, ambao mabwana shamba wa karne ya 20 waliuhubiri kuwa adui asiye na faida yoyote, watu wa Engaruka waliutumia kama gari la kubebea mbolea. Serikali ya kikoloni ya Waingereza, iliyowalazimisha wakulima wa Tanganyika kuchimba matuta kwa amri hadi Waluguru wakaandamana mwaka 1955, ilikuwa na chuo cha matuta katika ardhi yake yenyewe wala haikwenda kukisoma.

Nani walioijenga Engaruka, na kwa nini waliiacha, ni maswali yaliyozaa majibu mengi. Wamasai walioikalia tambarare hiyo baadaye hawadai kuwa wajenzi wake. Wataalamu wamewataja Wairaqw wa nyanda za Mbulu na Wabatemi, wanaojulikana zaidi kwa jina la Wasonjo, kuwa huenda ni ndugu wa watu waliotawanyika kutoka Engaruka, lakini vyungu na mawe havisemi lugha, na uhusiano huo umebaki kuwa dhana. Kuhusu kuachwa kwake, zimetajwa sababu za vijito kupungua maji, udongo kuchoka, na shinikizo la wafugaji wa Kimaa walioenea Bonde la Ufa katika karne ya 18. Sababu hizi hazipingani. Mfumo unaotegemea makorongo kadhaa, unapobakiwa na mto mmoja wa kudumu, hulazimika kuwagawia watu walewale maji kidogo zaidi, na hapo uvamizi mdogo, au ugomvi wa zamu usiopata mwamuzi, unaweza kutosha kuwafanya watu wafunge mizigo.

Maneno hayo ya mwisho yasingeandikwa kwa ujasiri kama isingekuwepo mifano iliyo hai. Kaskazini mwa Engaruka, katika Wilaya ya Ngorongoro, Wabatemi wa vijiji kama Digodigo na Samunge wameishi kwa mifereji ya chemchemi kwa vizazi vingi, na mwanaanthropolojia Robert Gray, aliyechapisha kitabu chake juu yao mwaka 1963, alieleza kwamba mamlaka ya kijiji yalishikwa na wazee waitwao wenamiji, ambao walirithi haki ya kwanza ya maji na kuamua zamu za wengine; asiye na haki hiyo aliomba maji na kuyalipia, mara nyingi kwa mbuzi. Uongozi wenyewe ulikuwa umesimama juu ya mfereji: mwenye neno kijijini alikuwa yule mwenye neno kwenye maji. Ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, Wamarakwet wa genge la Bonde la Kerio wana mifereji inayomilikiwa na koo, na kwa Wachaga wa Kilimanjaro mifereji iitwayo mifongo iliwastaajabisha wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19 kuliko jambo lolote lingine la kilimo walilolikuta huko.

Wameru, waliohamia upande wa kusini mashariki wa Meru yapata miaka 300 iliyopita, na Waarusha, wanaozungumza Kimaa na waliopanda upande wa kusini magharibi kutoka Arusha Chini katika miaka ya 1830, waliikuta miteremko yenye mito mingi iliyotenganishwa na migongo ya ardhi. Jiji la Arusha la leo limekaa juu ya mito hiyo: Themi, Naura, Goliondoi, Burka na Kijenge hupita katikati au kando yake, na mashariki zaidi hufuata Nduruma, Tengeru, Usa na Malala kabla ya maji yote kuungana katika Mto Kikuletwa na kwenda Pangani. Makazi yalijengwa kwenye migongo, ambako migomba ilistawi, na mto ulikuwa chini bondeni. Mfereji ndio uliopandisha maji kwenye mgongo bila kuyapandisha, kwa kuyachukua mtoni juu zaidi, ambako mto na mgongo vilikuwa bado karibu, na kuyashusha polepole kuliko mto ulivyoshuka.

Banio la asili la mifereji hii lilijengwa kwa mawe, magogo, migomba na mabonge ya nyasi, nalo lilivuja. Mhandisi wa kisasa huandika uvujaji huo katika safu ya hasara, lakini kwa wakulima wa chini yake ulikuwa ndio mkataba, kwa kuwa maji yaliyopenya mawe yalikuwa fungu la watu wa mbele ambalo hakuna mtu wa juu aliyeweza kuliziba kabisa hata akitaka. Kila masika mafuriko yalilibomoa, na kila kiangazi kilipokaribia watu walikwenda pamoja kulijenga upya, kuzibua mfereji, kukata majani ya kingo na kuondoa tope. Asiyetokea alitozwa faini au kunyimwa zamu. Kwa hiyo mfereji wa Meru uliochimbwa miaka 150 iliyopita hauna hata jiwe moja lenye umri huo, na mchunguzi anayetafuta kitu cha kale pale ataondoka mikono mitupu, ingawa njia ya maji, majina ya watu wa zamu na kumbukumbu ya ukoo ulioanza kuchimba vimekuwepo wakati wote.

Utawala wa Wajerumani, uliojenga boma la Arusha mnamo mwaka 1900 baada ya vita vya kulipiza kisasi vilivyofuata kuuawa kwa wamisionari wawili mwaka 1896, ulileta aina nyingine ya mtumiaji wa maji. Mashamba ya walowezi, yakiwemo ya Makaburu waliotoka Afrika Kusini kuanzia mwaka 1904, yaliuzunguka mlima kwa ukanda uliowatenganisha Wameru na Waarusha na nyika za malisho zilizokuwa chini yao. Ukanda huo haukuwekwa mahali hapo kwa bahati: ulikuwa ndipo mito ilipotoka mlimani ikiwa bado imejaa na ardhi ilipoanza kuwa tambarare ya kutosha kwa plau. Wakati wa Waingereza maji yalitungiwa sheria iliyotambua haki iliyoandikwa, na mlowezi mwenye karatasi alianza kuonekana mwenye haki kuliko ukoo wenye mfereji, ijapokuwa ukoo ulikuwepo kabla ya karatasi. Kahawa, ambayo Wameru na Waarusha nao waliipanda kwa bidii, ilizidisha kiu pande zote mbili.

Kilele cha mvutano huo kilifikiwa upande mkavu wa mlima. Tume ya Jaji Mark Wilson ilipendekeza mwaka 1947 kwamba ardhi ya Engare Nanyuki, yaani Ngarenanyuki ya leo, kaskazini mashariki mwa Meru, itengwe kwa ajili ya wafugaji wa Kizungu, na mnamo Novemba 1951 serikali ikawafukuza Wameru wapatao 3,000 kwa nguvu, ikibomoa na kuchoma nyumba zao. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, alilipeleka shauri hilo Umoja wa Mataifa mjini New York, akawa Mtanganyika wa kwanza kusimama mbele ya chombo hicho, na kesi ya ardhi ya Wameru ikaingia katika historia ya kudai uhuru. Katika kuikumbuka kesi hiyo hutajwa ekari, ng'ombe na nyumba zilizochomwa, na ni sawa. Lakini katika nchi kavu kama ile, ekari isiyo na mto ni vumbi. Leo Ngarenanyuki inajulikana katika masoko ya Arusha kwa nyanya zinazomwagiliwa.

Baada ya uhuru mshindani wa mkulima wa mfereji alibadilika. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 mahali Mto Kikuletwa unapokutana na Mto Ruvu, na baadaye kituo kipya cha umeme cha Maporomoko ya Pangani chenye uwezo wa megawati 68, kilichoanza kazi mwaka 1995, viliifanya kila ndoo iliyogeuzwa na banio la Meru ihesabike kuwa umeme uliopotea. Sheria ya Matumizi ya Maji Na. 42 ya mwaka 1974 ilikuwa imeshaweka maji yote mikononi mwa Jamhuri. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ikaundwa mwaka 1991, na mifereji iliyozoea kutambuliwa kwa jina la ukoo ikatakiwa kuandikishwa, kupimwa kwa lita na kulipiwa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 iliongeza jumuiya za watumia maji, ambazo katika mito kama Nduruma zilikuta tayari kamati za wakulima zinazogawana siku za maji kati ya watu wa juu na wa chini, bila kungoja sheria iziruhusu. Banio la zege lililojengwa kwa nia njema mahali pa banio la mawe limeokoa kazi nyingi ya kila mwaka, lakini halivuji, na kwa hiyo fungu la watu wa chini, lililokuwa likijipenyeza lenyewe, sasa linahitaji mtu wa kulifungulia.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo ndiyo msingi wa ulinzi wa Engaruka, haikutungwa kwa ajili ya vitu vya namna hii. Iliweka mwaka 1863 kuwa mpaka: jengo au kazi ya mikono ya watu iliyokamilika kabla ya hapo huhesabika kuwa ya kale na kulindwa kwa nguvu ya sheria yenyewe, na iliyofuata hungoja kutangazwa. Kwa ukuta wa mawe uliojengwa karne ya 16 mpaka huo hauna tatizo. Kwa mfereji unaochimbwa upya kila mwaka, hata kama ulianza kabla ya mwaka 1863, mpaka huo hauna maana, na matokeo yake ni kwamba mfereji hupata ulinzi pale tu unapoachwa na watu wake. Kuna nchi zilizolitatua tatizo hili kwa njia nyingine. Nchini Oman, ambako undugu na pwani ya Waswahili ni wa karne nyingi, mifereji iitwayo aflaji bado inagawa maji kwa zamu katika vijiji na mashamba ya mitende, na mitano kati yake iliandikishwa na UNESCO mwaka 2006 kuwa urithi wa dunia ikiwa inafanya kazi, pamoja na utaratibu wake wa zamu. Marekani ilifuata njia iliyo kinyume: Mfereji wa Chesapeake na Ohio, wenye urefu wa kilometa 297, ulipoacha kupitisha majahazi uligeuzwa mwaka 1971 kuwa hifadhi ya historia, na wananchi hutembea na kuendesha baiskeli kwenye njia waliyopita nyumbu waliokokota majahazi. Huko mfereji ulikuwa barabara, na barabara iliyokufa inaweza kuwa bustani bila kupoteza mengi. Mfereji wa umwagiliaji ni makubaliano ya watu kwanza na njia ya maji baadaye, na bustani haihifadhi makubaliano.

Engaruka inaelekea zaidi upande wa Marekani kuliko wa Oman, ingawa haikuwa lazima iwe hivyo. Tangu mwaka 2018 magofu yake yamo ndani ya Jiopaki ya Ngorongoro Lengai, yaani eneo lililotambuliwa na UNESCO kwa umuhimu wa miamba na sura ya nchi yake pamoja na historia ya watu waliokaa humo, linalogusa wilaya za Ngorongoro, Karatu na Monduli. Na uendeshaji wa kituo cha magofu umekabidhiwa Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro. Mgeni huongozwa kwenye viwanja vya nyumba na mistari ya majaruba, akaelezwa kuhusu watu waliotoweka. Hatua chache kutoka hapo, Engaruka Juu, wakulima wa leo, wengi wao Wamasai na Waarusha, wanageuza maji ya Mto Engaruka kwa mifereji ya udongo na kupanda mahindi, maharage, migomba na mboga katika tambarare ileile. Mwanajiografia Martina Angela Caretta, aliyefanya utafiti huko na kwa Wamarakwet katika miaka ya 2010, aliona kwamba mambo ya maji yanaamuliwa na wanaume ilhali sehemu kubwa ya kazi ya shamba iko mikononi mwa wanawake, jambo ambalo mawe ya karne ya 16 yasingeweza kumwonyesha mtu yeyote, na ambalo mtafiti wa karne ijayo hatalikuta tena kama halitaandikwa sasa.

Kiutawala, mfereji wa Engaruka umegawanywa vipande. Mawe yako chini ya mamlaka ya hifadhi. Ardhi inayoyazunguka ni ya kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Maji ya mto yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, yenye makao yake Singida, kwa kuwa mto huo hauendi baharini bali huishia bondeni. Na chini ya tambarare hiyohiyo yamepatikana magadi mengi ambayo Shirika la Maendeleo ya Taifa linapanga kuyachimba kwa mradi wa kiwanda, nacho kiwanda cha magadi ni mtumiaji mkubwa wa maji. Bodi ya bonde inapopanga nani apewe kibali cha lita ngapi, hailazimiki kuuliza kamati ya zamu ya Engaruka Juu iligawaje maji mwaka uliopita, wala kituo cha magofu hakina wajibu wa kuziweka kumbukumbu hizo za zamu, ingawa ndizo zinazoweza kueleza jinsi mawe yake yalivyofanya kazi.